Naomba ushauri: mama anasahau tangu apone mafua

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mamangu ana miaka 61, tuko Kisauni. Wiki sita zilizopita alishikwa na mafua makali. Kikohozi kimeisha, lakini kichwa hakijarudi. Juzi katia chumvi kwenye chai mara mbili, na mahamri anayoyapika tangu ujana yakamshinda kipimo.

Daktari alisema virusi si lazima viingie ubongoni. Kinga ya mwili ikipambana navyo, kemikali zake za uvimbe hupita kwenye damu zikauvuruga ubongo. Malaria na sukari kapimwa, hana. Majirani wanasema ni uzee (mbona ghafla hivyo?).

Kuna aliyeuguza mtu hivi, ilichukua muda gani? Na nimpeleke kwa daktari wa neva sasa, ama nisubiri?