MREJESHO: Ile bodi ya Arduino niliyouliza kama naruhusiwa kuichonga mwenyewe

Wakuu, niliuliza kama ni halali kuchukua michoro ya Arduino Uno (kale kabodi ka umeme unakokaprogramu kuendesha taa, mota na vitu vingine) nitengeneze bodi yangu niuze. Mlisema ruksa na ni kweli, wale jamaa walioanzia Ivrea kule Italia 2005 wameiachia kwa leseni ya Creative Commons, unakopi, unabadili, hata biashara unafanya, ila uwataje na mabadiliko yako uyaachie kwa leseni ileile, jina Arduino ndo usiguse. Basi nimelehemu chipu ya ATmega328P (ndo ubongo wa bodi) na kristali ya 16 MHz inayoipa mapigo ya saa, nawasha, kimyaaa! Nusu siku natafuta shoti kumbe chipu mpya haina butiloda, yaani kile kiprogramu cha kuanzia kinachoiwezesha kupokea kodi zako 😂 Nikaazima Uno ya mshkaji nikapakia kupitia hiyo, taa ya pini 13 ikaanza kukonyeza. Mafaili ya michoro yangu nayaachia wiki hii.