"Sick" na "ill": andikeni kwa uangalifu mtoto akiumwa

Ndugu zangu, habari za huko mliko.

Naandika hasa kwa mliofika Uingereza karibuni na watoto. Wiki iliyopita mwanangu aliamka kichwa kinamuuma, nikamwacha alale. Kesho yake alikuwa mzima, nikampeleka shule na barua fupi: "He was sick yesterday." Saa nne asubuhi napigiwa simu nikamchukue. Nikaacha zamu, nikaenda mbio nikidhani ameanguka. Kumbe hana kitu. Shule ilielewa kwamba alitapika, na hapa mtoto aliyetapika au kuharisha hukaa nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Zamu mbili zimepotea.

Tulifundishwa kwamba "sick" ni mgonjwa, basi. Mwingereza akisema "I was sick" au "I've been sick", mara nyingi maana yake ametapika. Kuumwa tu ni "ill" au "unwell". "Feel sick" ni kichefuchefu. Ila "off sick" ni kukosa kazi kwa ugonjwa wowote, hapo hakuna matapishi. Sasa mtu mwenye kikohozi amwambie daktari "I've been sick for three days": ataulizwa ametapika mara ngapi na kama anakunywa maji, na kifua kilichompeleka hakijaguswa.

Mwenye mengine atuambie.

Mama wa watoto wawili, Leicester

---

Pole sana dada. Huku Marekani "sick" ni mgonjwa tu, na anayetapika husema "throw up", kwa hiyo aliyeanzia huku akahamia kwenu atakwama vilevile.

Neno lililotutesa sisi ni "surgery". Mama yuko Uingereza kwa kaka. Alipata ujumbe wa kumwita "surgery" saa tatu asubuhi, akalala na njaa akijua anakwenda kupasuliwa. Alilia usiku kucha, na kaka alikuwa kazini. Kwao "surgery" ni pia pale anapokaa daktari wa mtaa! Huku ni upasuaji tu.

Minneapolis

---

Shikamooni wakubwa. Mimi ni muuguzi, na nayasikia haya kila wiki.

Shida kubwa ni pale Kiswahili kina neno moja na Waingereza wana mawili. Mguu wetu ni "leg" na pia "foot". Mkono ni "arm" na pia "hand". Ukiwa mbele ya daktari utaonyesha kwa kidole. Kwenye simu haonekani mtu. Ukisema "my leg is swollen" anaweza kuwaza damu iliyoganda kwenye shavu la mguu, kumbe umevimba chini ya kifundo, ambako ni "foot". Tajeni kabisa: juu ya goti, chini ya goti, wayo.

Kusikia nako: sisi tunasikia maumivu, baridi, kizunguzungu. Kwao yote hayo ni "feel". "Hear" ni ya masikio peke yake. Na mafua ni "a cold". "Flu" kwao ni ugonjwa mzito wa kumlaza mtu kitandani.

Wazee wetu waombewe mkalimani, NHS (huduma ya afya ya umma ya Uingereza) haimtozi mgonjwa. Tafadhali msiwatume watoto wakatafsiri maradhi ya mama zao. Semeni "Swahili interpreter" siku ile ile mnapoweka miadi, maana mkalimani huagizwa mapema.

Mdogo wenu, Leeds