Tangi la chuma linavuja: wadau wa Mtwara na Lindi, tupeane uzoefu

Wadau, habari za huko mliko.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu mtaani ukiuliza habari ya tangi la chuma linalovuja, jibu ni lile lile: tupa, nunua simtanki. Mwenye nazo anunue. Lakini kuanzia hapa Mtwara mjini, Mikindani mpaka Lindi, nyumba nyingi bado zina matangi ya chuma au ya mabati waliyoyaweka wazee, na ukiyatazama vizuri ukuta wake bado una nguvu. Kinachooza ni kipande kidogo tu huko chini.

Langu liko Shangani, na upepo wa bahari mnaujua, hauachi kitu cha chuma salama. Halimwagi. Linatoa jasho kwenye ungio la kitako na ukuta, na zege chini yake halikauki. Mtu akasema tone moja moja si kitu. Tone moja kila sekunde kwa siku nzima ni kama lita nne, na maji yenyewe hapa tunayajua yanavyokuja.

Aliyewahi kuziba atueleze tundu lilikuwa wapi, alitumia nini, na kama bado limeshika.

Mdau wa Chikongola

Mkuu, mimi kazi yangu ni kuchomelea, kwa hiyo utashangaa nikikwambia usikimbilie kuchomelea.

Tangi linaloanza kutoa jasho, bati lake limeshaliwa kwa ndani. Ukiligusa na moto linayeyuka, tundu la sindano linakuwa la kidole, ukilifukuzia linakuwa la ngumi. Nimeletewa matangi mengi yaliyoharibiwa hivyo. Kwanza mwaga maji, toa tope lote, halafu chukua nyundo ndogo ugonge kuzunguka kitako. Penye chuma kizima panalia, palipooza panatoa sauti nzito iliyokufa. Weka alama ya chaki. Mara nyingi utakuta ulichodhani ni tundu moja ni mkanda mzima.

Kama eneo ni dogo, kata mpaka ufike kwenye chuma kizima, kisha chomelea kipande kipya. Kama ni bati lenye zinki, fundi aisage kwanza ile zinki kwa grinda na afanyie kazi mahali penye upepo. Moshi wa zinki si wa kuchezea. Mtu anaweza kushinda salama, jioni anatetemeka kama mwenye malaria.

Kama mkanda mzima umeoza, msikilize atakayekueleza habari ya saruji.

Mdau wa Mtanda, Lindi

Langu lilikuwa na tundu moja ubavuni, chini ya koki. Nilipitisha boliti kutoka ndani, nikaweka washa pana ya chuma, na kati yake na ukuta kipande cha tyubu ya gari nilichokata mviringo. Nje vilevile, mpira, washa, nati. Kaza taratibu, ukikaza kwa hasira bati linabonyea na mpira unajikunja.

Nililipanua tundu kidogo makusudi mpaka nikaona chuma cheupe, maana ukikaza boliti kwenye kutu unakaza unga. Bado limeshika.

Mdau wa Kilwa Masoko

Usiku wa manane tangi limetoboka na duka limefungwa: sabuni ya mche. Sugulia kwenye tundu kutoka nje huku maji yakitoka, itakamata mpaka asubuhi. Kwa tundu kubwa kidogo, chonga kijiti cha mti mwepesi mkavu ukipigilie, kikilowa kinafura. Mpingo hapana, japo ndio umejaa huku kwetu. Mgumu mno, utapasua bati.

Asubuhi tafuta fundi. Hiyo ni ya kulala tu.

Mama wa Newala

Wanangu, huku juu kwetu maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, na mashine ikigoma ni kilio. Ndiyo maana tunakinga mvua, na tangi la mabati ndilo mali ya nyumba. Langu lilioza kitako chote. Gundi ya tyubu mbili, ile ya kuchanganya, niliweka ikashika upande huu, maji yakatokea upande ule.

Fundi mmoja mzee akaniambia tusihangaike na matundu, tulitengenezee tangi kitako kingine humo ndani. Tulilikausha, tukakwangua kutu kwa brashi ya waya, tukatandika wavu wa kuku chini na kuupandisha ukutani kidogo. Juu yake saruji moja kwa mchanga mitatu, unene wa kama sentimita tano, na kwenye kona ya kitako na ukuta akazungushia plasta ya mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo hupasuka kwanza. Mwisho akasugua saruji tupu iliyolainishwa kwa maji. Tukawa tunamwagilia wiki nzima, na mdomo wa tangi tumeufunika kwa magunia mabichi.

Mchanga uwe wa mtoni. Ninyi wa pwani msichukue wa ufukweni, chumvi yake itamalizia hicho chuma kilichobaki. Saruji nzuri, kinyume chake, inakizuia chuma kushika kutu.

Maji ya kwanza tulimwaga, yana ukali wa saruji. Tukaosha, tukatia klorini, tukaacha usiku kucha, tukamwaga tena.

Mdau wa Masasi

Shikamoo mama. Hapo umemaliza.

Niongeze moja kwa wanaopenda kupaka lami. Lami ipake nje ukitaka, ndani ya tangi la maji ya kunywa hapana. Na yule anayelehemu kwa risasi, mwambie akalehemu redio. Risasi ikiingia kwenye maji ni sumu, hasa kwa watoto.

Halafu tangi lisikae juu ya mchanga wala zege linalolowa. Langu tumeliinua juu ya mbao ngumu ili hewa ipite. Pimeni kwanza hicho mnachokiweka chini, lita 1,000 ni tani nzima.

Mwenye uzi

Shikamoo mama, asante. Fundi wa Chikongola, swali: kwa nini mdau wa Lindi na mama wameziba kutoka ndani? Kwa nje si rahisi zaidi? Na je, naweza kuingia mwenyewe nikakwangua?

Mdau wa Chikongola

Kiraka cha ndani maji yenyewe yanakigandamiza ukutani. Cha nje yanakisukuma kila saa, na kadiri tangi linavyojaa ndivyo kitako kinavyosukumwa zaidi. Gundi kwa nje kwenye chuma chenye unyevu hubanduka yote kama ilivyo.

Kuingia, usiingie peke yako. Tangi lililofungwa muda mrefu kutu imekula hewa ya humo, unaweza kuanguka hata hujaanza kazi. Liache wazi, pepea hewa iingie, mtu akae mdomoni anakuangalia. Akikuona umelegea asiruke ndani kukufuata, aite watu. Rangi na tina ya kuilainisha usitumie humo bila hewa kupita.

Mama wa Newala

Marahaba wanangu. Na wewe wa Shangani, fanya sasa hivi tangi likiwa tupu na jua linawaka. Ukingoja Oktoba, korosho zimeanza kuuzwa, humpati fundi, na ukimpata atakutajia bei ya mnadani.