Mjadala: Kaseti za maulidi na taarabu za Lamu zigeuzwe kuwa za dijitali kwa kichujio kipi?

Hoja: Kaseti nyingi za maulidi na taarabu zimo majumbani Lamu, na hewa ya chumvi haizisubiri. Kigeuzi hubadili sauti kuwa namba au namba kuwa sauti, na kichujio chake hukata sauti za juu mno. Wapo wasemao kichujio kikali cha fazi sawa (kinachokawiza sauti zote kwa muda uleule) huua pigo la tari, afadhali kigeuzi kisicho na kichujio. Wengine wasema hiyo ni hofu tu.

Msikilizaji, Mkomani: Tazameni osiloskopu, chombo kinachochora wimbi la sauti. Ukipitisha pigo la sampuli moja, yaani kipimo kimoja tu cha sauti, kichujio cha fazi sawa hutoa mtetemo kabla ya pigo na baada yake. Tari gani hulia kabla ya kupigwa? Kichujio cha fazi ndogo huuweka mtetemo wote nyuma, ambako pigo lenyewe huufunika.

Fundi, Langoni: Picha ni ya kweli, bwana, lakini pigo la namna hiyo halimo kwenye muziki. Sampuli moja pekee ina nguvu hadi ukingoni, yaani nusu ya idadi ya sampuli za sekunde: kHz 22.05 (kHz ni mitetemo elfu kwa sekunde), kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Mtetemo ule nao ni wa karibu kHz 22, juu ya usikivu wa mtu mzima. Kaseti nyingi za nyumbani hazipiti kHz 15, kwa hiyo hakuna cha kuuamsha. Kuondoa kichujio ndiko kunakoharibu: kwenye kHz 15 sauti hushuka desibeli 1.7, kwenye kHz 20 desibeli 3.2. Katika rekodi mpya yenye matoazi, toni ya kHz 19 huacha kivuli, yaani nakala yake ya uongo, kwenye kHz 25.1. Amplifaya ikivichanganya viwili hivyo, hutokea kHz 6.1, na hiyo kila mtu aisikia.

Mrekodi, Malindi: Mwabishana juu ya kusikiliza, na kichujio cha kusikilizia hubadilishwa siku yoyote. Cha kurekodia hakiondoki tena. Vigeuzi vingi huwa vimepunguza desibeli 6 tu kwenye kHz 22.05, hivyo sauti ya kHz 23 hukunjwa ikarudi kama kHz 21.1. Rekodini kwa kHz 96, biti 24. Ukingo utahamia kHz 48. Vilele viachiwe desibeli 6 za nafasi, maana wimbi kati ya sampuli mbili laweza kupanda desibeli 3 kuzidi sampuli zenyewe. Likigonga dari, yaani kikomo cha juu cha kigeuzi, hukwaruza, na lawama huangukia fazi. Na kabla ya yote, safisheni kichwa cha deki kwa spiriti safi, kisha rekebisheni skrubu ya mwinamo wa kichwa kwa kila kaseti, mkisikiliza chaneli mbili zikiwa zimeunganishwa moja, hadi sauti za juu zing'ae kabisa. Mwinamo ukikosewa, hakuna kichujio kitakachorudisha kilichopotea.

Msikilizaji, Mkomani: kHz 96 naikubali. Ila fazi ndogo msiitupe: fazi sawa hukawiza sauti zaidi, na waimbaji wanaojisikiliza kwenye vipokea sauti vya masikioni hujisikia kwa kuchelewa kidogo. Na nyumbani bado nasema tofauti ipo.

Fundi, Langoni: Basi ipimwe. Cheza toni ya hezi 400, linganisha volti za vichujio viwili kwa mita. Kwenye volti 2 tofauti isizidi volti 0.02, kwani chenye sauti kubwa kidogo huonekana bora. Msikilizaji asijue ni kichujio kipi kinachocheza, akitaje. Akipatia mara 12 kati ya 16, hoja yake ina uzito.

Msikilizaji, Mkomani: Nakubali, ila kwa matari ya rekodi mpya, si kaseti, na walio chini ya miaka 20 wawemo.