Ubuntu 24.04: apt imekwama baada ya stima kupotea katikati ya kupandisha toleo

mkaazi_umoja

Habari wakuu. Laptopu ya kazi ilikuwa Ubuntu 22.04, diski imesimbwa tangu siku ya kusakinishwa, kwa hiyo /boot (sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mashine) iko peke yake na ina MB 704. do-release-upgrade, amri ya kupandisha toleo kwenda 24.04, ilikuwa imeshapakua kila kitu na inaendelea kusakinisha, stima ikapotea, na betri haishiki chaji. Sasa mashine inawaka, lakini uname -r bado inaonyesha kerneli (kiini cha mfumo) ya 5.15. apt, kisakinishi cha vifurushi, inakataa kusakinisha au kuondoa chochote na kuniambia niendeshe dpkg --configure -a (dpkg ndiyo inayofanya kazi chini ya apt). Nikiiendesha inaenda kwa muda, kisha inafia kwa update-initramfs ikisema "No space left on device", halafu inamwaga orodha ndefu ya vifurushi vyenye makosa.

Kuna anayeniambia nifute faili za kufuli ndani ya /var/lib/dpkg, na mwingine anasema nisakinishe upya. Vyote vilipakuliwa kwa bando ya simu na sitaki kuvinunua mara ya pili. Nianzie wapi?

fundi_seva

Usisakinishe upya, na kufuli uziache. Kufuli ya dpkg si ile faili yenyewe. Ni programu inayoishikilia. Mashine ikizima, hakuna anayeishikilia tena, kwa hiyo kuifuta hakukusaidii chochote. Na kama unattended-upgrades (huduma ya masasisho ya kiotomatiki) inafanya kazi kwa nyuma, kufuta kufuli kunaruhusu programu mbili kuandika hifadhidata moja kwa wakati mmoja. Hapo ndipo utahitaji kusakinisha upya kweli. Ukiona ujumbe wa kufuli, angalia ni nani:

sudo lsof /var/lib/dpkg/lock-frontend

Kisha msubiri amalize.

Shida yako ni /boot kujaa. Ile orodha ndefu isikutishe: kosa la maana ni la kwanza, mengine ni vifurushi vinavyongoja hicho kimoja. Tazama:

df -h /boot
ls -lh /boot
dpkg -l 'linux-image-*' | grep ^ii

Faili za initrd (husaidia kerneli kuwaka, na hutengenezwa na update-initramfs) ndizo zinazokula nafasi, mara nyingi MB 100 au zaidi kila moja ukiwa na dreva nyingi. Baki na kerneli unayoitumia sasa (ile ya uname -r) na ile mpya ya 6.8. Za zamani ziondoe. apt itakataa kwa sababu bado imekwama, kwa hiyo tumia dpkg yenyewe, ukitaja vifurushi vyote vya toleo hilo kwa amri moja, la sivyo kimoja kitazuia kingine. Weka namba ulizoziona wewe, usinakili zangu:

sudo dpkg --purge linux-image-5.15.0-91-generic linux-modules-5.15.0-91-generic linux-modules-extra-5.15.0-91-generic

Initrd yake itaondoka pamoja nayo. Nafasi ikipatikana:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update
sudo apt -s full-upgrade

Hiyo -s inaigiza tu, haigusi kitu. Soma sehemu ya vifurushi vitakavyoondolewa neno kwa neno. Ukiona ubuntu-desktop au python3 humo, simama na ulete hiyo orodha hapa. Ikiwa safi, rudia bila -s.

Kuhusu bando: usiendeshe apt clean hata kidogo. Vilivyopakuliwa viko /var/cache/apt/archives, na apt hukagua kila kimoja kabla ya kukitumia. Kilicho kizima hakipakuliwi tena. Hiyo clean inatolewa kila mahali kama dawa ya kwanza, ilhali inafaa tu pale / yenyewe imejaa.

kina_mizizi

Naongeza jambo ambalo watu hulisahau stima ikikatika: faili zinaweza kubaki zikiwa na baiti sifuri huku dpkg ikiamini kila kitu kimekamilika. apt ikishatulia, endesha:

sudo dpkg --verify

Mistari yenye herufi c ni faili za mipangilio, hizo kubadilika ni kawaida. Inayobaki ni ya kushughulikia. Tafuta mwenye faili kwa dpkg -S ukifuatisha njia yake kamili, halafu sudo apt install --reinstall na jina la kifurushi.

Kisha kuna hazina za nje, yaani vyanzo vya vifurushi visivyo vya Ubuntu yenyewe. Zoezi la kupandisha huzizima zote: kwenye faili za .list mstari hutiwa alama ya #, kwenye .sources utaona "Enabled: no". Usibadilishe jammy (jina la 22.04) kuwa noble (jina la 24.04) kwa kukisia. Fungua anwani ya hazina kwenye kivinjari uone kama ina folda ya dists/noble. Kama haina, iache imezimwa. Vifurushi visivyo na hazina tena vinaonekana hivi:

apt list '?obsolete'

Hapo ndipo migongano mingi ya 24.04 hutokea, kwa sababu maktaba nyingi zilibadilishwa majina na kuongezwa t64 katika maandalizi ya tatizo la saa la mwaka 2038 (saa za biti 32 kufika kikomo). Kifurushi cha nje kikidai libasound2, sakinisha libasound2t64. Mfumo wenyewe sasa unasoma hazina zake kutoka /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources. Ukipata kosa la Signed-By kugongana, hazina moja imeandikwa kwenye faili mbili, ondoa moja.

mkaazi_umoja

Asanteni sana. Kulikuwa na kerneli mbili za zamani, zimeondoka, na configure imemaliza bila kosa. Uname sasa ni 6.8. apt update inafanya kazi, lakini mwishoni inalalamika haipati moduli ya apt_pkg.

fundi_seva

Hiyo inamaanisha /usr/bin/python3 imeelekezwa kwa Python nyingine isiyo ya mfumo. Moduli hiyo imejengwa kwa toleo la mfumo pekee, na kwenye 24.04 ni 3.12. Angalia:

ls -l /usr/bin/python3

Ikielekea /etc/alternatives, mtu aliwahi kutumia update-alternatives (amri ya kuchagua toleo lipi litumike). Rekebisha:

sudo update-alternatives --remove-all python3
sudo ln -sf python3.12 /usr/bin/python3

Endesha hizo mbili zikifuatana bila kitu kingine katikati, kwa kuwa ya kwanza inafuta kiungo chenyewe. Mazingira ya venv (Python iliyotengwa kwa mradi mmoja) uliyojenga kwa 3.10 hayatafanya kazi tena. Yajenge upya kutoka kwa requirements.txt. Na pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) ikikukatalia kusakinisha nje ya venv, usiilazimishe kwa --break-system-packages, kwa sababu zana za mfumo kama do-release-upgrade na unattended-upgrades zinaitegemea Python hiyo hiyo.