Tupeane uzoefu: mtini uani, ukilinganisha na avokado, mpapai na mpera

Mwenye Ploti (Lanet, Nakuru)
Hamjambo nyote. Nimebakiwa na nafasi moja ya mti, kona ya ukuta inayopigwa na jua kuanzia asubuhi hadi saa tisa hivi. Nyumbani wanataka avokado. Mimi natamani mtini, tunda nililolisikia kwenye mahubiri miaka mingi kabla ya kulitia mdomoni. Wenye mtini huku kwetu, Nakuru, Kisumu, Kakamega na kuendelea, hebu semeni: unazaa? Unasumbua? Ukiulinganisha na miti mingine mliyo nayo, mnauonaje? Naomba yenu wenyewe, ya wauza miche nimeshayasikia.

Shosho wa Kiamunyi
Mimi ninao mtini, avokado aina ya Hass ya kupandikizwa, na mlimau, vyote nyuma ya jikoni. Mtini uliwahi vyote. Jirani alinikatia kijiti unene wa penseli, chenye macho manne, nikakichomeka kwenye mkebe wa rangi wenye mchanga na udongo, nikauweka kivulini. Msimu uliofuata kilikuwa na tini. Hass ilikawia zaidi, na hiyo ni ya kupandikizwa. Ile ya kokwa iliyoko kwa dada yangu ilizaa watoto wake wakiwa wameshaingia sekondari.

Lakini avokado ikianza, unagawia mtaa. Mtini unakupa tano leo, tatu kesho. Tena avokado unaichuma ngumu, unaifunika kwa gunia, unaila ukitaka. Tini ukiichuma mbichi haiivi tena, inanyauka tu na kuacha utomvu mweupe kwenye kikonyo. Ingoje mpaka shingo ilegee, tunda liiname, ngozi ipasuke vimistari vyembamba, na pale chini kwenye kile kijitundu uone tone la utamu. Uile siku hiyo hiyo. Kesho ni ya ndege.

Section 58 (Nakuru)
Shosho, hao ndege wako wana subira! Kwangu kuna kuzumburu, wale wa mikia mirefu wanaokuja kikundi, wanaanza na tini ambayo haijainama hata. Sasa kila tunda linalonenepa nalivalisha kimfuko cha neti, ile ya vitunguu, na kulifunga na uzi. Ni kazi, lakini naifanya nikingoja chai ichemke.

Mama wa Kajulu (Kisumu)
Huku joto ni la kutosha, na kwetu mlimani maji hayatuami kwa sababu ya mawe. Mtini umekubali sana. Nina mpapai, mpera, mwembe na mtini katika ua mmoja, kwa hiyo nitasema kila mmoja tabia yake.

Mpapai ndio wa haraka, huku kwetu hata mwaka haujaisha unakula. Shida ni kwamba ukipanda mbegu hujui utapata jike au dume. Dume linatoa maua kwenye vishina virefu vinavyoning'inia, na utangoja papai mpaka uchoke. Ndiyo maana watu hupanda mitatu kwa shimo moja, wanang'oa wakishaona maua.

Mpera hata sikuupanda, ndege ndio walipanda. Unazaa bila kuombwa, ila pasua pera lolote hapa kwangu ukutane na funza. Ni wa yule nzi wa matunda aliyetokea Asia, aliyeonekana Kenya mara ya kwanza mwaka 2003, na amewatesa wenye maembe kuliko mtu yeyote. Mwembe wangu naokota yaliyoanguka kila jioni na kuyafunga kwenye karatasi ya nailoni nyeusi juani, funza wafie humo. Ukiyaacha chini, wanaingia udongoni na kutoka wakiwa nzi wapya.

Mtini kwa upande wake hauna makuu. Kiangazi unapukutisha majani, mgeni anakuuliza mbona hukati huo mti uliokufa. Unyeshewe mara mbili tu uone.

Sasa ndugu yangu yuko Ahero, udongo ule mweusi unaoshika maji. Mtini na mpapai vyote vilioza mizizi mvua za Aprili. Akiwa na nafasi sasa anainua tuta hadi kiunoni kwanza.

Mwalimu wa Lurambi (Kakamega)
Naona mnausifu sana, niruhusuni nipinge. Kakamega tunapata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na mtini haukuumbiwa hilo. Majani yalishika kutu: geuza jani, chini ni unga wa rangi ya machungwa, wiki chache mti uko uchi. Tini zikikaribia kuiva inanyesha, zinapasuka, zinachachuka zikiwa bado juu ya mti, nyuki na sisimizi wanafanya karamu. Nilikuwa nakula za Januari na Februari tu. Mtini niliung'oa, pale pale nikaweka mstafeli, na sijutii. Ndizi, avokado, mstafeli: hiyo ndiyo miti ya huku.

Shosho wa Kiamunyi
Mwalimu, majani yenye kutu uliyachoma au uliyaacha chini?

Mwalimu wa Lurambi
Nilichoma, na dawa ya shaba nikapuliza. Mvua ya saa nane mchana ikaiosha. Kila siku.

Kijana wa Mbale (Vihiga)
Swali la kando. Bibi yangu amekataa nisipande, anasema mti huo hauwekwi karibu na nyumba. Tena nasikia tini ina wadudu ndani?

Mama wa Kajulu
Mwanangu, bibi yako anazungumzia mkuyu, na hajakosea: mizizi ya mkuyu inainua msingi wa nyumba. Mtini ni wa ukoo huo, lakini ni mti mdogo, ukikatwa matawi haukupiti kimo sana. Hata hivyo usiusogeze ukutani kabisa.

Wadudu ni hivi. Mkuyu una nyigu wake mdogo anayeingia ndani ya tunda kuchavusha, ndiyo maana ukilipasua wanaruka. Aina za tini zinazopandwa nyumbani, kama Brown Turkey, zinazaa bila nyigu yeyote. Ziko aina nyingine, Smyrna, zisizozaa bila yeye. Wakulima wa California walikaa na mitini ya Smyrna inayodondosha matunda mabichi mpaka nyigu akapelekwa huko na kuzoea, mwaka 1899. Kwa hiyo anayekuuzia mche, muulize ni aina gani, na kama yeye mwenyewe ameonja tunda lake.

Mchuuzi wa Kibuye (Kisumu)
Kwa biashara sahauni. Papai na avokado napanga mafungu, jioni yameisha. Tini nilileta sahani moja, kila mtu anashika, anabonyeza, anauliza ni nini, anarudisha. Saa nane ilikuwa uji.

Mwenye Ploti
Asanteni. Kwa jua la Lanet naona mtini una nafasi. Hapo konani palikuwa na nyanya misimu miwili, si neno?

Section 58
Ni neno. Ng'oa shina moja la nyanya utazame mizizi. Ikiwa na vinundu, hao ni minyoo midogo ya udongoni, na mtini unawapata vilevile. Mti haufi, unadumaa tu na wewe unaendelea kuumwagia samadi bure.

Shosho wa Kiamunyi
Na shimo la maji machafu liko wapi? Mizizi ya mtini inafuata maji hata kama ni ya choo.

Mwenye Ploti
Liko kwa jirani, nyuma ya huo huo ukuta.

Shosho wa Kiamunyi
Basi hiyo kona wape avokado wanayoitaka, ila iwe ya kupandikizwa, na mwulize jirani kwanza. Mtini uweke kwenye pipa lililokatwa nusu, juu ya matofali, matundu chini, udongo mpya usiotoka hapo konani. Kiangazi ni maji kila jioni, pipa halina akiba. Vijiti ninavyo, nakata Jumamosi. Uje na shati la mikono mirefu kama utanisaidia kukata, utomvu ule ukikutana na jua ngozi inatoka malengelenge.

Kijana wa Mbale
Shosho, kimoja kwangu pia. Bibi nitamwambia ni cha kwenye pipa.