Kikundi cha Familia: Watoto wa Mama, Kibosho

Jumamosi, 10 Januari

Mama Neema, saa 1.05 asubuhi: Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Narudia kwa mara ya nne kwamba Kili Marathon ni mwishoni mwa Februari, hivyo zimebaki wiki sita tu. Tulikubaliana kukimbia kilomita 21.1 kwa jina la Mama, na kila mkimbiaji atafute watu watakaomwahidi shilingi 10,000 kwa kila kilomita, yaani 211,000 kwa mkimbiaji mmoja, ili fedha zote tuzipeleke hospitali ya KCMC kununua viti mwendo vya wodi iliyomlaza Mama siku kumi na tisa. Naomba majina kabla ya saa sita mchana.

Mama Neema, saa 3.30 asubuhi: Simu inanionyesha kwamba watu kumi na wanne wamesoma. Aliyejibu ni mmoja, tena kwa kidole gumba, na sijui kama kidole hicho kinakimbia au kinachangia.

Baba Furaha, saa 3.41 asubuhi: Dada, mimi nimo. Kumbuka tu kwamba njia ile, ukishatoka uwanja wa Ushirika, inapanda kuelekea Mweka, na mara ya mwisho nilipopanda Mweka nilikuwa nimepakiwa kwenye pikipiki. Kama huko juu kuna mbege, nitafika.

Shemeji wa Arusha, saa 3.44 asubuhi: Napendekeza fulana ziwe na picha ya Mama akiwa na kile kilemba cha Pasaka.

Baba Furaha, saa 3.45 asubuhi: Picha ile Mama mwenyewe aliikataa, akasema anafanana na mtu aliyekuja kudai kodi.

Mama Neema, saa 3.50 asubuhi: Fulana zitasubiri. Nataka majina.

Mama Kelvin, saa 5.15 asubuhi: Mimi nitachangia, ila kabla hatujaenda kuchangisha watu wa nje, naomba kwanza tuone hesabu za michango ya Septemba, wakati Mama amelazwa. Tusirudie yale ya turubai.

Mama Neema, saa 5.18 asubuhi: Daftari lipo, na sikutegemea turubai litajwe leo. Mimi nililala usiku tisa juu ya kitenge pembeni ya kitanda cha Mama, wakati wengine mnatuma nauli na pole.

Baba Furaha, saa 5.20 asubuhi: Hiyo imenilenga mimi.

Mjomba, saa 7.48 mchana: Wapwa zangu, nimewasoma tangu asubuhi. Hospitali ile ilipofunguliwa mwaka 1971 nilikuwa kijana wa miaka ishirini, na tangu hapo imewapokea wengi wetu, kwa hiyo shukrani hiyo naibariki. Lakini nilikuwepo usiku ule dada yangu alipotapika damu katika lile beseni la buluu la kufulia, na nilizihesabu chupa zilizoning'inizwa juu yake mpaka kulipokucha. Zilikuwa sita. Sista wa zamu alituomba kwa upole tulete watu wa kurudisha damu, akayaandika majina sita mliyomtajia wenyewe. Waliotoa ni wawili: Mama Neema, na yule kijana wa bodaboda aliyetufikisha, ambaye hata si wa ukoo wetu. Kimbieni. Ila chupa nne bado.

Baba Furaha, saa 10.20 jioni: Shikamoo Mjomba. Jina langu lilikuwa la tatu kwenye karatasi ile. Nauli niliyotuma ilikuwa ya mtu wa kwenda badala yangu, kwa sababu sindano naiogopa kuliko Mweka.

Mama Glory, saa 11.02 jioni: Shikamoo Mjomba. Nimetoka zamu sasa hivi, nisameheni kwa kuchelewa. Kama muuguzi naomba mpange vizuri, kwa sababu mtu akitoa damu, majimaji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili, lakini chembe nyekundu, ambazo ndizo zinazobeba oksijeni, huchukua wiki kadhaa. Anayetaka kukimbia 21 atoe damu wiki hii hii, au asubiri mbio zipite, au akimbie zile kilomita 5. Mwanamume hutoa kila baada ya miezi mitatu na mwanamke miezi minne, na mtoaji awe na angalau kilo 50.

Mama Kelvin, saa 11.06 jioni: Baada ya Krismasi hii, kwenye kilo mimi nimepita kwa kishindo.

Mama Neema, saa 11.07 jioni: Asante, nimekuandika wa kwanza. Tukutane Jumanne saa 3 asubuhi, kitengo cha damu. Miezi yangu minne inatimia tarehe 20, nami sitaki kuacha mbio, kwa hiyo nitatoa Machi. Baba Furaha, wewe unatoa, unakimbia, au vyote viwili?

Baba Furaha, saa 11.40 jioni: Nitakupigia.

Neema, saa 12.15 jioni: Shikamooni nyote. Bibi ameuliza kwa nini simu inalia tangu asubuhi, nikamsomea. Anasema yule kijana wa bodaboda apewe fulana ya kwanza, na kilemba asikione.

Mama Neema, saa 12.20 jioni: Sawa, Mama. Bado natafuta wawili wa Jumanne.

Mama Kelvin, saa 2.10 usiku: Na daftari?